Tozo ya Kuingia Katikati ya Jiji: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Foleni ikizidi katika jiji lolote, hufika siku kiongozi mmoja akataja tozo ya msongamano: mwenye gari akitaka kuingia katikati ya jiji saa za kazi, alipe. Siku hiyohiyo majibu huwa tayari. Wananchi hawataki. Maskini wataumia. Ni kodi nyingine tu. Maduka yatafungwa. Wanaosema hivyo wana hofu ya kweli na hawastahili kubezwa. Lakini ipo miji iliyokwisha kupita njia hii, na Singapore ilianza tangu Juni 1975, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Dhana: Wananchi wakikataa, ndiyo basi

Hoja hii ndiyo inayoua mipango mingi kabla hata haijaandikwa vizuri, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Tuchukue Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Mwaka 2002 Annika Billström, aliyekuja kuwa meya, aliwaahidi wapiga kura kwamba hakutakuwa na tozo. Uchaguzi ulipokwisha, chama chake kilihitaji kuungwa mkono na chama cha Kijani ili kiunde serikali ya nchi, na sharti mojawapo la Kijani likawa jaribio la tozo Stockholm. Watu waliona wamegeukwa, na kweli walikuwa wamegeukwa. Jaribio lilipoanza, tarehe 3 Januari 2006, waliokuwa wakiliunga mkono walikuwa kiasi cha theluthi moja tu.

Gari lililovuka mpaka wa eneo la katikati lilipigwa picha ya namba na kutozwa kati ya krona 10 na 20 kulingana na saa, bila kuzidi krona 60 kwa siku. Usiku na mwisho wa wiki ilikuwa bure. Magari yanayovuka yakapungua kwa takribani moja ya tano. Tarehe 31 Julai jaribio likafungwa, na magari yakarudi karibu yote. Ndipo Septemba 17 wakazi wakaitwa kwenye kura ya maoni, wakiwa wameshaona jiji lisilo na tozo, jiji lenye tozo, kisha tena jiji lisilo na tozo. Kati ya waliochagua ndiyo au hapana, kama asilimia 53 walisema ndiyo. Tozo ikarudi Agosti 2007, safari hii moja kwa moja, na miaka michache baadaye waliotaka ibaki walikaribia asilimia 70.

Mtu anaweza kudhani walibembelezwa kwa matangazo. Sivyo. Waliona barabara kwa macho yao. Moja ya tano inasikika kama kidogo, lakini foleni haipungui kwa kiwango kilekile cha magari: barabara iliyojaa hadi pomoni ikipunguziwa magari machache tu, mstari mrefu huanza kutembea. Na hasara waliyoiogopa ilikuwa ndogo kuliko walivyofikiri. Jonas Eliasson, mtafiti aliyeshiriki kutathmini jaribio lile, ameeleza jambo ambalo kwangu ndilo lenye kufundisha zaidi: madereva walipoulizwa, wengi hawakuona kwamba wamebadili mwenendo wao, ingawa maelfu ya safari zilikuwa zimetoweka barabarani. Mmoja aliunganisha safari mbili, mwingine alitoka mapema zaidi, mwingine alipanda treni siku moja moja. Wengi waliobadili msimamo waliamini kwamba siku zote walikuwa wakiiunga mkono tozo.

New York ilipita njia ya namna hiyo. Gavana Kathy Hochul aliusimamisha mpango Juni 2024, wiki chache kabla ya kuanza, kwa kuhofia hasira za watu. Ulipoanza, tarehe 5 Januari 2025, kiwango kilikuwa dola 9 badala ya 15 zilizopangwa awali. Kabla ya hapo waliopinga walikuwa wengi. Miezi michache baadaye, ndani ya jiji lenyewe, waliotaka tozo ibaki walikuwa wamewazidi waliotaka iondolewe.

Utafiti wa maoni unaofanywa kabla ya tozo kuanza hupima hofu ya watu juu ya kitu ambacho bado hawajakiona. Kiongozi anayeusoma kama hukumu ya mwisho anajinyima nafasi ya kuwapa watu kitu cha kukipima.

Dhana: Atakayeumia ni maskini

Swali la kwanza ni nani anayeingia katikati ya jiji kwa gari lake. Manhattan, katikati ya New York, walio wengi huenda kazini kwa treni ya chini ya ardhi na mabasi, na wenye kipato cha chini ndio hasa wanaoutegemea usafiri huo. Fedha za tozo ya New York zinakwenda kuukarabati, na mwenye gari aliye na kipato kidogo hupata punguzo la nusu baada ya safari kumi za kwanza za mwezi.

Ukitazama Dar es Salaam au Nairobi, utaona foleni yenyewe ni tozo tayari. Abiria aliyesimama kwenye daladala au matatu iliyojaa anailipa kwa saa zake, akisubiri nyuma ya magari madogo ambayo mengi yamebeba mtu mmoja. Huyu hulipa bila kuulizwa na bila risiti.

Hata hivyo dhana hii ina chembe ya ukweli. Fundi anayebeba vifaa vyake kwa gari, muuza mboga mwenye kirikuu, mlinzi anayetoka kazini saa ambayo hakuna basi: hao wanaweza kuumia kweli mpango ukichorwa kwa uzembe. Misamaha na viwango vya saa mbalimbali vipo kwa ajili yao, na ni haki yao kuvidai mapema.

Dhana: Ni sawa na kulipia daraja

Kwetu neno tozo huleta picha ya Daraja la Kigamboni au barabara ya juu ya Nairobi Expressway. Huko unalipa ili gharama za ujenzi zirudi, na mwendeshaji hufurahi magari yakiwa mengi. Tozo ya msongamano lengo lake ni kinyume: ikifanikiwa, magari hupungua. Ndiyo maana hutofautiana kwa saa, na usiku hushuka au hufutwa.

Fedha zinakwenda wapi, hilo ni swali halali, na jibu zuri ni lile lililoandikwa kwenye sheria. London, ambako meya Ken Livingstone alianzisha tozo ya pauni 5 tarehe 17 Februari 2003, sheria inataka mapato halisi yatumike kwenye usafiri. Mwaka uliofuata Livingstone alichaguliwa tena. Na wanaosema tozo ikishaingia haitoki wakumbuke eneo la magharibi mwa London: liliongezwa 2007, wakazi wakaulizwa chini ya meya aliyefuata, Boris Johnson, wengi wakalikataa, na mwisho wa 2010 likaondolewa.

Dhana: Maduka yatakufa

London kulikuwa na malalamiko, na baadhi ya maduka yaliuza kidogo mwaka ule wa 2003. Lakini miezi ileile njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Central, inayolisha mtaa wa maduka wa Oxford Street, ilikuwa imefungwa kwa wiki kadhaa baada ya ajali ya treni. Katikati ya London haikugeuka mahame. Wanunuzi wengi hawakuwa wakija kwa gari.

Dhana: Wanaopinga hawajaelewa tu

Hii ni ya upande wetu tunaoiunga mkono tozo, na ina madhara kama nyingine. Edinburgh, huko Scotland, walipiga kura Februari 2005, asilimia 74 wakakataa. Greater Manchester, huko Uingereza, Desemba 2008, asilimia 79 wakakataa. Wote waliulizwa kabla ya kuonja, kweli, lakini Göteborg, jiji jingine la Sweden, ilianza tozo Januari 2013, na Septemba 2014, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kuiishi, asilimia 57 walisema hapana. Jiji liliendelea nayo hata hivyo, kwa sababu mapato yalikuwa yameshafungamanishwa na miradi mikubwa, ukiwemo ule wa handaki la reli chini ya jiji, ambao wengi hawakuupenda. Foleni za Göteborg hazikuwa kali kama za Stockholm, hivyo nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo. Watu wale walielewa vizuri. Walichokataa ni kulipia mradi wasioutaka, kisha kura yao ikawekwa kando.

Kwa hiyo Nairobi au Dar es Salaam zikija na pendekezo hili, mimi nitauliza kwanza mabasi yako wapi. Stockholm iliweka barabarani mabasi mapya 197 na njia mpya 16 mnamo Agosti 2005, miezi minne na zaidi kabla ya gari la kwanza kutozwa krona.