Picha ya kadi haithibitishi kwamba gari lipo

Wengi wanaotafuta Land Rover za zamani mtandaoni, Mbeya hadi Iringa, huamini kwamba muuzaji akishatuma picha ya kadi ya gari, biashara ni salama. Imani hiyo ina mantiki: kadi ni hati halali, na ina jina la mtu.

Ila picha hunakiliwa kirahisi. Mtu anaweza kuichota kwenye tangazo la mwenzake wa Mafinga, akakutumia wewe uliye Uyole, kisha akadai advansi "wasije wakaliwahi wengine".

Kitu cha kukagua ni namba ya chasisi, yaani fremu ya gari, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Land Rover za toleo la Series III, zilizotengenezwa 1971 hadi 1985, itafute mbele upande wa kulia, karibu na springi. Mara nyingi tope na rangi vimeifunika. Isugue taratibu kwa brashi ya waya, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Rangi mbichi mahali hapo tu? Mimi ningeuliza maswali.

Gari likiwa mbali, omba video ya moja kwa moja, kuanzia pleti namba hadi chasisi, au mlipe fundi wa huko akaliangalie. Jina la mmiliki lihakikiwe kwenye ofisi ya usajili kabla hujatuma hata senti.