Mtaalamu Hapigi Kura: Nani Hasa Anaamua Kiwango cha Sumukuvu

Kila Bunge la Bajeti linapokaribia, barua na simu tunazopokea hubadilika. Miezi mingine watu huuliza gharama za kupima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi na siku za kusubiri majibu. Ikifika Aprili wanauliza kwa hasira: "Ninyi wataalamu ndio mliotuwekea hicho kiwango cha sumukuvu, kwa nini hamkifuti?" Wengine wanataka kujua tumewaambia nini wabunge. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaoitwa mbele ya kamati za Bunge la Tanzania kueleza masuala ya usalama wa chakula, nimeona niandike, maana malalamiko mengi yanapelekwa mlango usiohusika.

Nianze na namba 10. Kwa kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi ya kuliwa na binadamu yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini, ndiyo sumukuvu ninayoizungumzia hapa, kwa kilo, na aflatoksini B1 peke yake isizidi 5. Watu wengi wanaamini namba hii ilitoka maabara ikiwa imekamilika, kama nyuzi joto ambazo maji huchemka. Sivyo. Umoja wa Ulaya, kwa nafaka nyingi, umeweka 4. Marekani imeweka 20. Wote wamesoma tafiti zilezile, na hakuna kati yao anayebisha kwamba B1 husababisha saratani ya ini, wala kwamba mwenye virusi vya homa ya ini B yumo katika hatari kubwa zaidi. Kinachotofautiana ni watu wanakula nini na kwa wingi gani, na ni mzigo kiasi gani nchi iko tayari kuukataa sokoni.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu inapoishia. Naweza kuiambia kamati: mkishusha hadi 4, ini la mlaji litapata nafuu hii, na magunia mengi zaidi ya mkulima yatakataliwa, mkipandisha hadi 20, mizani inageuka. Naweza kusema ni sehemu gani ya maelezo yangu ina ushahidi mzito na ipi bado ni makadirio. Lakini kuchagua kati ya hasara ya mkulima na hasara ya mlaji si jambo la maabara. Aliyepewa dhamana na wananchi ndiye anayechagua, na ndiye wa kuulizwa.

Tena, Bunge lenyewe halikupiga kura juu ya hiyo 10. Bunge hutunga sheria. Sheria humpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na hulipatia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mamlaka ya kuweka viwango kupitia kamati zake za kitaalamu. Ni ngazi tatu, na kila moja ina mlango wake. Anayetaka mbunge wake "abadilishe kiwango" wakati wa maswali na majibu anapoteza muda wake na wa mbunge. Rasimu ya kiwango hutolewa kwa umma ili watu watoe maoni, na utaratibu wa kimataifa wa biashara unataka muda usiopungua siku 60. Katika siku hizo 60 tunapokea maoni machache mno. Kiwango kikishaanza kutumika, simu hazikatiki.

Kuna siku mbunge mmoja kutoka jimbo linalolima mahindi aliniuliza swali ambalo bado nalitumia kufundishia. Alitaka kujua inakuwaje magunia mawili ya shamba moja, moja lipite na jingine likataliwe. Je, hiyo si dalili kwamba vipimo vyetu ni vya kubahatisha? Nilikuwa nimekwenda na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli kwenye gunia. Nililichoma gunia la mfano juu, katikati na chini, na punje zikamiminika kwenye sinia. Nikamwomba aangalie zile punje: nyingi nyeupe safi, chache zimetobolewa na wadudu, mbili tatu zina ukungu wa kijani. Ukungu hausambai gunia zima kwa usawa. Gunzi moja lililotobolewa shambani likipukuchuliwa, punje zake zikaangukia kona moja ya gunia, bambo likipita kona hiyo jibu ni jingine kabisa. Ndiyo maana tunachoma sehemu nyingi, tunachanganya, tunasaga, ndipo tunapima. Baada ya hapo hakuniuliza tena kama vipimo ni vya kubahatisha. Aliuliza: sampuli ngapi zinatosha kwa lori moja, na nani analipa? Hilo ndilo swali la mtunga sera.

Swali hilo lilikuwa zito Machi 2021, pale mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipotoa barua ya kusitisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani Namanga. Baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha uko chini ya 10. Ni 10 ileile pande zote mbili za mpaka. Mabishano yalikuwa juu ya nani kapima, kachukua sampuli vipi, na cheti cha nani kinaaminika.

Nije kwenye lawama ya pili, kwamba wataalamu tumenunuliwa. Sitaipuuza, kwa sababu mwananchi ana haki ya kuuliza. Anayekwenda mbele ya kamati anatakiwa kusema anafanya kazi wapi na nani anagharamia utafiti wake, na wajumbe wana haki ya kumhoji hapohapo. Ila kuna tabia ambayo inanichosha, naisema wazi: mtu anachukua utafiti mmoja aliotumiwa kwenye WhatsApp na kuufanya hukumu. Kenya mwaka 2012 ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba miezi michache tu baada ya utafiti mmoja wa Ufaransa uliofanywa kwa panya 200, uliodai mahindi ya aina hiyo huleta uvimbe. Makundi yalikuwa na panya 10 wa kila jinsia, wa aina ambayo hupata uvimbe kirahisi hata wasipopewa kitu. Jarida lililouchapisha likauondoa Novemba 2013. Mwaka uliofuata ukachapishwa tena katika jarida jingine. Baraza la Mawaziri la Kenya liliiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Mtu anaweza kuwa na sababu zake za kuyakataa mazao hayo, kama vile umiliki wa mbegu, soko au hifadhi ya mbegu za asili, na sababu hizo zinastahili kujadiliwa kwa majina yake. Kuzificha nyuma ya utafiti mmoja dhaifu ni kumnyima mbunge mjadala halisi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali pamoja na madhumuni na sababu zake, kisha husomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati hualika wadau na kupokea maoni. Baada ya hapo husomwa mara ya pili, hujadiliwa, huingia Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, ndipo hupelekwa kwa Rais. Mlango wa mwananchi ni ule wa kamati. Muswada ukija na hati ya dharura, yaani ukiombewa kupitishwa haraka, muda huo hubanwa sana, kwa hiyo usisubiri tangazo la redio. Pia usiangalie kamati ya kilimo peke yake. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS kuanzia 1 Julai 2019 kupitia Sheria ya Fedha, na muswada wa fedha hupitia Kamati ya Bajeti. Wasindikaji wengi waligundua walipokwenda kuhuisha vibali.

Maoni yaandikwe. Taja jina na namba ya muswada, kifungu, maneno unayotaka yafutwe, maneno unayotaka yawekwe, sababu, na ushahidi. Ushahidi si lazima uwe jarida la kisayansi. Daftari la ghala la chama cha ushirika linaloonyesha magunia yaliyoingia, yaliyokataliwa na unyevu wake siku hiyo lina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Ila liwe la kweli: chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, kuwasilisha nyaraka ya uongo kwa nia ya kuidanganya kamati ni kosa la jinai. Kuitwa rasmi na kamati ukakaidi kufika ni kosa pia, na kukataa kutoa nyaraka uliyoamriwa kuitoa ni kosa vilevile. Hayo yanatuhusu sisi wataalamu sawasawa na mfanyabiashara.

Na hapana, kupika ugali hakuondoi sumukuvu. Naulizwa hili kila wiki.

Kuna jambo moja ambalo namba 10 haiwezi kulifanya, na ndilo tunalolirudia mbele ya kamati kila tukiitwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Familia zilikuwa zinakula mahindi waliyoyalima wenyewe. Hayakupita sokoni wala mpakani, hakuna bambo lililoyagusa. Kiwango hulinda gunia linalouzwa tu. Mahindi ya kihenge cha nyumbani yanalindwa na turubai la kuanikia, na mahindi kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na afisa ugani anayefika kijijini kabla ya mavuno akamwonyesha mama namna ya kutikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa: chumvi ikinata kwenye kioo cha chupa, mahindi yarudi juani. Ndiyo maana bajeti ya kilimo inapojadiliwa, kurasa tunazozifungua kwanza ni za fungu la ugani, na ndizo tunazowaomba wabunge wazifungue pamoja nasi.