Mwitikio wa "pambana au kimbia": mwili unapohisi hatari

Unavuka barabara, ghafla honi inalia mgongoni. Unajikuta umesharuka pembeni kabla hujajua ni gari gani wala limetokea wapi. Moyo unakwenda mbio, kinywa kimekauka, mikono inatetemeka. Hali hiyo ndiyo mwitikio wa pambana au kimbia: namna mwili unavyojiandaa kuikabili hatari au kuikwepa. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliieleza mwaka 1915.

Mambo huanzia kwenye ubongo. Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, hupima upesi kama kilichoonekana au kusikika ni tishio. Ikishtuka, huiarifu haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, nayo huamsha neva (mishipa ya fahamu) zinazofika hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu, na ndani ya sekunde chache mwili mzima unabadilika. Njia za hewa kwenye mapafu hutanuka, mboni za macho nazo hupanuka, ini huachilia sukari ili misuli ipate nguvu. Damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi, ikaelekezwa kwenye misuli mikubwa. Ndiyo sababu mtu aliyeogopa hupauka, tumbo likamvuruga, na chakula hakipiti.

Tishio lisipoisha upesi, hufuata awamu ya pili iliyo ya polepole. Haipothalamasi na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni zinazoziagiza adrenali zitoe kotisoli, homoni ya msongo, ambayo mara nyingi hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya msongo kuanza. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa limekwisha zamani na mwili bado haujatulia.

Jina hilo la pambana au kimbia, hata hivyo, linaacha nje jambo zito. Wapo ambao hawapambani wala hawakimbii: wanaganda. Miguu haisogei, sauti haitoki, na mapigo ya moyo yanaweza hata kupungua badala ya kuongezeka. Huu nao ni mwitikio wa kinga, na hauchaguliwi na mtu. Waliovamiwa au kubakwa huulizwa mara kwa mara, "Mbona hukupiga kelele? Mbona hukukimbia?" Swali hilo ni la kikatili, kwa sababu linamdai mtu maelezo ya uamuzi ambao hakuufanya. Kuganda si uoga, na wala si kukubali.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mwili hauhitaji hatari iwepo kweli; unahitaji kuihisi tu. Deni, mtihani wa kesho, ujumbe mfupi wa bosi unaosema "njoo ofisini", au wazo linalokujia usiku wa manane, vyote vinaweza kuamsha mfumo uleule. Gari likishapita, mwili hurudi hali yake. Deni halipiti. Mfumo ukikaa macho kwa wiki na miezi, usingizi huharibika, shinikizo la damu linaweza kupanda, kinga ya mwili ikadhoofika, na kumbukumbu nayo ikayumba. Anayeishi hivyo si mvivu wala hajidekezi. Mwili wake unafanya kazi ya dharura bila likizo.

Kuutuliza kunawezekana, ingawa kumwambia mtu "tulia" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kupumua taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwani mtindo huo huipa nguvu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Kutembea kwa miguu na kuongea na mtu unayemwamini pia husaidia. Hali ikidumu kwa wiki kadhaa, au ikikuzuia kulala na kufanya kazi, muone daktari au mshauri nasaha. Na maumivu ya kifua yanayoambatana na kukosa pumzi usiyaite msongo kabla hujapimwa: nenda hospitali haraka, kwa sababu ugonjwa wa moyo nao unaweza kuanza hivyohivyo.