Adapta Haizai Skrini

Jana jioni nikiwa nafunga duka akaingia dada mmoja, mhasibu, kashika adapta kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Fundi, hii mbovu. Ina matundu mawili ya HDMI, lakini monita zote mbili zinaonyesha kitu kilekile!"

Mwezi huu huyo ni wa nne. Adapta ilikuwa nzima kabisa, ila ni spliter. Ukigawa bomba moja kwa T, ndoo zote mbili zinapata maji yaleyale. Mwenye baa anayetaka mechi ionekane kwenye televisheni mbili, spliter ndiyo haja yake. Anayetaka Excel huku na barua pepe kule, hapana.

Jamani, picha hutengenezwa na kompyuta. Adapta inabeba tu ilichopewa. Kwa hiyo msiniulize "adapta ipi nzuri" kabla hamjaniambia laptopu ni ipi. Kuna matundu ya USB-C yanayochaji na kupitisha data tu, picha hayatoi. Alama ya DisplayPort (njia nyingine ya kupitisha picha, kama HDMI) au ya radi pembeni ya tundu ni dalili njema, lakini watengenezaji wengine hawaweki alama hata kama picha inatoka. Tafuta sifa za modeli yako.

Sasa hapa ndipo panaponiudhi. Kuna adapta zinazotumia MST: waya mmoja wa DisplayPort unabeba picha mbili tofauti, adapta inazitenganisha. Kwenye Windows, raha. Ichomeke ileile kwenye MacBook, unapata picha moja mara mbili, kwa sababu macOS, mfumo wa Mac, haitumii MST kutandaza skrini. Na MacBook Air ya chipu ya M1 yenyewe imewekewa kikomo cha monita moja ya nje. Muuzaji atakwambia "inaingia kwote". Kuingia inaingia!

Dawa ya hapo ni adapta yenye chipu ya DisplayLink. Hiyo inakwepa kikomo: programu inabana picha kwa kutumia prosesa na kuirusha kama data ya kawaida ya USB. Lazima usakinishe draiva, na Mac itakuomba ruhusa ya kurekodi skrini. Wateja hushtuka wakidhani wanapelelezwa. Ni namna programu inavyoipata hiyo picha. Filamu za kulipia zinaweza kukuonyesha weusi mtupu. Kwa mahesabu inatosha. Kwa gemu sikushauri.

Kama monita ni 4K, yaani ya picha kali sana, soma kwenye adapta kama imeandikwa 60Hz, yaani picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde. Ikiwa ni 30Hz, kishale cha mausi kitaburuta miguu na utarudi kunilaumu. Halafu waya wa DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida ni wa njia moja, usiugeuze.

Kuhusu kudumu, bei imeshanidanganya pande zote mbili. Nimeona ya bei chee ikimaliza miaka, na ya bei mbaya ikizima kwa joto. Mimi huwasha monita zote nusu saa, kisha naishika adapta kwa kiganja. Kipimo cha kienyeji, najua.

Laptopu ya yule dada ilikuwa na tundu la HDMI ubavuni, limejaa vumbi, pamoja na USB-C inayotoa picha. Monita moja huku, nyingine kule kwa adapta ndogo ya tundu moja. Dakika tano. Akaniuliza kama naweza kuinunua ile spliter.