Mvua za kwanza Dodoma hukuta erthi ikiwa kavu

Mvua zikianza hapa Dodoma, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, meza yangu ya ufundi hujaa kompyuta zilizokufa. Karibu kila mwenye kompyuta husema imepigwa na radi. Kumbe mara nyingi radi ilipiga mbali, kwenye laini ya umeme au jirani nayo, msukumo wa umeme ukasafiri kwa waya mpaka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme ndani ya kompyuta. Na kuna siku radi haihusiki kabisa: upepo umekata nyutro.

Nyutro niieleze kwa kirefu, maana inaua vifaa vingi na watu hawaizungumzii. Nyumbani tunatumia volti 230, yaani fezi moja, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha. Laini ya mtaani ina fezi tatu, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinabaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na kugawana hizo volti 400. Mwenye mzigo mkubwa anapata umeme mdogo. Jirani aliyewasha taa mbili tu anaweza kupata zaidi ya 300. Pawa saplai nyingi zimeandikwa mwisho volti 240. Ukiona taa zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, zima mein swichi kwanza, halafu ndipo upige simu TANESCO.

Ekstensheni yenye kinga ya msukumo haikuokoi hapo. Imetengenezwa kumeza msukumo wa sehemu ndogo mno ya sekunde, hivyo volti 350 za dakika nzima zinaiunguza yenyewe. Kinachofaa ni kifaa kinachopima volti, kinakata zikizidi au zikipungua, kisha kinasubiri umeme utulie kabla ya kurudisha. Madukani wanakiita frijigadi, na kompyuta ya mezani inakihitaji kama friji inavyokihitaji.

Sasa erthi, yaani waya na fimbo zinazopeleka umeme ardhini. Kinga ya msukumo inafanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuumwaga ule msukumo ardhini. Erthi isipokuwepo, msukumo utatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Ardhi yetu inakaa bila mvua tangu Mei hadi Novemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Kwa hiyo ngurumo za mwanzo zinakuja wakati erthi ziko dhaifu kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Kwenye viwanja vya miamba hali ni mbaya zaidi: nimekuta fimbo za erthi zilizogoma kushuka, fundi akazikata na kufukia kipande kilichobaki. Mahali kama hapo bora kuchimba mtaro na kulaza waya mrefu wa shaba, au kupiga fimbo kadhaa, umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo moja, kisha kuziunganisha. Chumvi wanayomwaga shimoni inasombwa na mvua na inakula chuma. Mwambie fundi aje na mita ya erthi na apime Oktoba, ardhi ikiwa kavu, wala si Machi. Mimi nataka nione ukinzani chini ya ohm 10.

Dalili mojawapo ya erthi kukosekana unaweza kuihisi mwenyewe: ukigusa kasha la chuma la kompyuta, linakupiga shoti ndogo. Pawa saplai kwa kawaida huvujisha umeme kidogo kwenye kasha, na umeme huo ulipaswa kwenda ardhini. Na tafadhali, acheni kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ndilo la erthi, na kompyuta iliyochomekwa hivyo haina erthi hata kama nyumba inayo.

Msukumo hauingii kwa waya wa umeme peke yake. Steshenari moja ya Nkuhungu ilikuwa na kinga nzuri, UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ikapona, lakini kompyuta zikafa tundu la kebo ya mtandao: kebo ilitoka kwenye antena juu ya bati. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, kebo ya nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme.

Kuchomoa bado kunashinda vifaa vyote, mradi uwahi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo; kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikishuka chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hapo usishike tena waya wowote. Chomoa wingu likiwa bado linajikusanya, umeme, ruta na kebo ya antena kwa pamoja.

Nakala ya kazi zako iwe kwenye diski isiyochomekwa popote. Diski ya nje iliyoachwa kwenye kompyuta usiku wa mvua inakufa pamoja nayo, na mafaili yaliyomo siwezi kukuahidi kuyarudisha.