Pato la Wastani Si Hali ya Watu

Ninawafundisha maofisa mipango wa halmashauri kusoma takwimu, na haipiti semina bila mmoja wao kuniambia kwamba wananchi wa mahali fulani wana maisha bora kwa sababu pato la kila mtu limepanda. Dhana hii inanikera kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuahirisha ujenzi wa zahanati.

Pato la kila mtu ni pato la taifa lililogawanywa kwa idadi ya watu, basi. Chukua kaya kumi za mtaa mmoja: tisa zinapata shilingi 100,000 kwa mwezi na ya kumi inapata 9,100,000. Wastani ni shilingi 1,000,000, kiasi ambacho hakuna hata kaya moja inayokipata. Tena, tarakimu hiyo inaweza kupanda bila maisha ya mtu kubadilika. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wake wa uchumi hutumika kupimia pato la taifa, kutoka 2001 hadi 2009, uchumi wake ukaonekana mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 25, na nchi ikahesabiwa kuwa ya kipato cha kati. Hakuna mkulima wa Kitui aliyeongezewa debe la mahindi siku hiyo. Guinea ya Ikweta nayo ilipata fedha nyingi za mafuta, lakini umri wa kuishi wa watu wake, yaani wastani wa miaka ambayo mtoto anayezaliwa anatarajiwa kuishi, ukabaki nyuma sana ya nchi zenye pato kama lake.

Kwa sababu hiyo mwanauchumi wa Pakistan Mahbub ul Haq, akisaidiwa na mawazo ya mwanauchumi wa India Amartya Sen, aliasisi Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyotolewa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1990, kipimo kimoja kinachounganisha afya, elimu na kipato.

Wengine hudai kwamba fahirisi hiyo inapuuza fedha. Si kweli, kipato ni theluthi yake, ila hupimwa kwa logi (logariti), yaani kinachohesabiwa ni kipato kimeongezeka mara ngapi, si kwa dola ngapi, hivyo kutoka dola 1,000 hadi 2,000 kuna uzito sawa na kutoka 20,000 hadi 40,000.

Afya nayo hupimwa kwa umri wa kuishi, lakini umri wa kuishi wa miaka 65 haumaanishi kwamba wazee hufariki wakifika 65. Vifo vya watoto wachanga huushusha wastani huo.

Na nchi ikishuka nafasi katika orodha ya fahirisi hiyo, haina maana kwamba imerudi nyuma, kwani huenda majirani wameenda kasi zaidi. Soma kwanza thamani ya fahirisi, halafu fungua jedwali linaloirekebisha kwa kuzingatia tofauti kati ya watu, ambalo limekuwapo tangu 2010 na ambalo maofisa wengi hawajawahi kulifungua.