Skripti sio riwaya iliyokatwa mkia

Jana tena. Mtu kasoma riwaya yangu, kaipenda, nashukuru sana, halafu ananiuliza mbona muvi yake haitoki wakati mwandishi ni mimi na muigizaji ni mimi: "Si unakopi tu unaweka kwenye skripti?" Jamani. Kukopi nini sasa?

Peji moja ya skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo una peji 90 mpaka 120 basi, riwaya ya peji 300 lazima ukate, hilo kila mtu analielewa. Kinachoniudhi ni kudhani kazi inaishia kwenye kukata. Kitabuni naandika "alijua tangu asubuhi ile kwamba ndoa imekwisha", naenda zangu kulala. Sasa kamera itapiga picha gani ya "alijua"? Sentensi hiyo moja ilinila siku nne, mwisho ikawa hivi: NDANI. JIKONI. ASUBUHI. Anatoa sahani mbili kabatini, anasimama kidogo, moja anairudisha. Imeisha hiyo. Hakuna hata neno moja la kitabuni lililobaki na bado ni ile ile.

Halafu kuna mdomo. Nilijiandikia mstari mmoja mtamu, mrefu, kwenye karatasi unang'aa, siku ya kushuti pumzi ikakata kabla sijafika nusu. Teki ya sita dairekta akasema achana nao, mwangalie tu mwenzako. Nikamwangalia, na ndicho kilichobaki kwenye muvi. Muigizaji alifurahi, mwandishi akanuna wiki nzima, na wote wawili wanakaa kichwa kimoja.

Hata William Goldman, mwandishi wa Marekani, riwaya ya The Princess Bride kaiandika mwenyewe 1973 na skripti ya muvi ya 1987 kaandika mwenyewe, lakini baba anayemsomea mwanae kitabuni kwenye muvi akawa babu na mjukuu. Na hicho kitabu ni chake!

Mtasema weka sauti ya msimulizi juu ya picha. Miaka yote nawaambia vijana huo ni uvivu, ila kusema ukweli kuna muvi ukiitoa hiyo sauti zinakufa palepale, kwa hiyo nabishana na nafsi yangu mpaka leo.

Sasa hivi niko sura ya tisa, mzee anakumbuka ujana wake peji 11 nzima akiwa kwenye kiti. Amekaa tu. Anayejua kukopi hiyo anitumie.